Tupeane uzoefu: meza yako ya kwanza ya ubao mzima wa gogo iliishia wapi?

Randa Butu
Wakuu, habari za usiku. Nimetoka kuzima taa sebuleni, nimepitisha mkono juu ya meza yangu gizani, ukucha umezama kwenye ufa. Mwezi uliopita ufa ulikuwa unapitisha karatasi, leo unapitisha sarafu ya mia mbili. Nikasema siumii peke yangu.

Mimi si fundi, ni mhasibu. Nilipenda zile meza za ubao mmoja mpana, pembeni umeachwa ulivyoota. Muuzaji akaniapia kwamba ni mwembe uliokauka miaka miwili. Kumbe hiyo miwili ulilala ukiwa gogo, umepasuliwa juzi! Nimepiga msasa wikiendi tatu, vanishi mara nne. Sasa unajikunja kama chapati ya jana. Yako ilikuwaje?

Mnyalukolo wa Mafinga
Kitu chenye magome pembeni huku kwetu kinaitwa banzi. Tunajengea banda la nguruwe. Dar mnakilipia laki tatu na kukilia pilau 😂

Randa Butu
Banzi ni kile kipande cha kwanza, mgongo wa gogo, upande mmoja duara. Wangu ni ubao wa kati.

Mnyalukolo wa Mafinga
Gome lipo?

Randa Butu
Lipo.

Mnyalukolo wa Mafinga
Banzi.

Bungua
Jina langu lina sababu, bungua ni wale wadudu wanaotoboa mbao. Nilitengeneza benchi la mfenesi, nikaacha gome nikiona ni urembo. Miezi miwili baadaye kila asubuhi kuna kaunga laini sakafuni, nafagia, kesho kapo. Usiku nyumba ikinyamaza unawasikia wanatafuna. Wanapenda ile sehemu nyeupe chini ya gome, moyo hawaugusi. Gome lilibanduka lote siku ambayo mjumbe wa nyumba kumi amelikalia. Bandueni magome, wakuu, mapema.

Kapuku Msomi
Nimekaa pale, nasoma komenti.

Shangazi wa Muheza
Umenikumbusha kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Mkwaju wa nyumbani kwa mjomba ulianguka wakati wa masika. Ulikuwa mkubwa, watoto tulikatazwa kuupita magharibi, mnajua wenyewe yanayosemwa kuhusu mikwaju. Nikaomba ubao mmoja. Wapasuaji walinoa msumeno mpaka wakaomba nyongeza ya hela. Ulipofunguka, jamani! Pembeni rangi ya siagi, katikati zambarau iliyoiva mpaka ikawa nyeusi. Futi saba, unene inchi tatu.

Nikauweka bandani miezi minane. Mavyaa akapiga simu anakuja, nami nataka aone kwamba mkwewe ana mikono. Nikampelekea fundi wa kuchomelea, akatengeneza fremu ya chuma, tukaukaza kwa skrubu kumi na mbili, ukawa hautikisiki hata ukiupandia. Nikauweka sebuleni chini ya kiyoyozi.

Saa saba za usiku: PAA! Kama tairi la lori. Mavyaa katoka chumbani na kanga moja, tasbihi mkononi. Taa inawaka, hakuna kilichoanguka, meza imepasuka kutoka kichwani mpaka katikati. Akauliza, "Mti gani huu, mwanangu?" Na mimi mpumbavu nikasema kweli.

Siku tisa alikula chini, jamvini. Ya nne akaitwa ustadhi asome dua. Yuko katikati ya kusoma, meza ikajibu: PAA! Alifunga kitabu taratibu, akasema tutamalizia msikitini.

Kapuku Msomi
Sina mbavu. "Meza ikajibu"!!

Mtu wa Pwani
Mnacheka, lakini mkwaju haukatwi hivi hivi. Mlitoa hata ubani?

Shangazi wa Muheza
Ulianguka wenyewe kaka. Hatukuukata.

Mtu wa Pwani
Ndiyo vibaya zaidi.

Mzee wa Keko
Hapo hakuna jini, jini ni skrubu. Ubao ukikauka unasinyaa kwa upana, urefu wake karibu hausogei. Wewe umeushika pande zote na chuma ambacho hakisinyai, halafu umeuwashia kiyoyozi kinachonyonya unyevu. Unataka kwenda, umefungwa, lazima upasuke. Kwenye chuma toboa matundu marefu, yalale kufuata upana wa ubao, tia washa, kile kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu, kaza kiasi ili skrubu iteleze. Na miezi minane kwa inchi tatu ni haraka mno. Sisi tulifundishwa inchi moja mwaka mmoja, ncha umezipaka rangi siku ileile ya kupasua, maana maji hukimbilia kutokea nchani.

Mtu wa Pwani
Mzee, na ile ya kumjibu ustadhi nayo ni skrubu?

Mzee wa Keko
Ndiyo. Ya pili.

Fundi Wikiendi
Mimi sikungoja mwaka, nilijaza ufa resini, ile gundi ya maji unayochanganya igande, kikombe kizima kwa mpigo. Ilichemka, ikatoa moshi, kopo la plastiki likalegea mkononi. Mimineni kidogo kidogo.

Binti Seremala
Randa Butu usijaze kitu sasa, ubao bado unatembea. Pachika vipande vya mbao ngumu vyenye umbo la kipepeo kukatisha ufa.

Mnyalukolo wa Mafinga
Au kata katikati upate mabanzi mawili.

Binti Seremala
Huyu mtu ana nini na mabanzi? Ila kweli, kama ufa umefuata kiini cha gogo, ile sehemu laini ya katikati kabisa, pasua hapohapo, toa kiini, unganisha kwa gundi. Nadhani ndicho atakachofanya fundi yeyote.

Mzee wa Keko
Siungi mkono. Akae nayo mwaka mzima kwanza.

Kijana wa Tabora
Mvule nao jihadharini. Una mawe ndani, ya kweli, chokaa ngumu. Uliniulia meno ya msumeno, na vumbi lake likanikunisha shingo wiki nzima. Vaeni barakoa.

Randa Butu
Shangazi, hiyo meza ya mkwaju bado ipo? Nina laki mbili taslimu.

Shangazi wa Muheza
Ipo stoo, imefunikwa shuka. Mavyaa yuko hapa mpaka Jumapili. Njoo Jumatatu, uje na watu wanne, na usipige hodi kwa mlango wa mbele.