C++: nibaki na new/delete, nitumie unique_ptr, au nihamie Rust?

Kisimani_dev
Wakuu, heshima kwenu. Nina programu ya C++ inayopokea usomaji wa mita za maji, mistari kama 9,000, kwenye kompyuta ndogo yenye RAM ya MB 512. Imejaa new na delete, yaani naomba na kuachia kumbukumbu kwa mkono. Siku mbili tatu inakwenda vizuri, kisha inaanguka. Kuna siku haikuanguka ila ilitoa jumla hasi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu watu wanatozwa pesa kwa namba hizo. Naona njia tatu: niongeze umakini, nihamie unique_ptr na shared_ptr (pointa, yaani vishika anwani za kumbukumbu, zinazoiachia zenyewe), au niandike upya kwa Rust, lugha ambayo kompaila yake hukagua matumizi ya kumbukumbu. Kasi ni muhimu. Ipi?

FundiPointa
Ya kwanza iondoe, mkuu. Mwaka 2019 Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa usalama wanaouziba kila mwaka unatokana na makosa ya kumbukumbu. Mwaka 2020 mradi wa Chromium ukataja kiwango hicho hicho kwa hitilafu zake nzito za usalama. Hao wana umakini wa kutosha.
Delete haikosekani kwa kusahauliwa tu. Kati ya new na delete ikirushwa exception (ishara ya hitilafu), au ukiweka return ya mapema, delete haifikiwi kabisa. unique_ptr inajifuta hata hapo. Na kasi usihofu: ya kawaida ina ukubwa ule ule wa pointa tupu. Ipo tangu C++11, na make_unique ikaja na C++14.

BintiMvita
Naunga mkono, ila tusiziweke unique_ptr na shared_ptr kapu moja. shared_ptr hubeba hesabu ya wamiliki inayobadilishwa kiatomiki (kwa hatua isiyokatizwa) kila unapoinakili, na hiyo ina gharama. Zikishikana mbili kwa mzunguko, hakuna inayoachiliwa mpaka utumie weak_ptr, isiyohesabiwa kama mmiliki. Nimewahi kufanya kazi kwenye programu ambayo kila new iligeuzwa shared_ptr, na hakuna aliyeweza kusema kitu fulani ni cha nani na kinakufa lini. Jibu swali hilo kwanza. Mara nyingi utakuta pointa haihitajiki. Weka kitu chenyewe ndani ya std::vector, orodha inayojikuza yenyewe.

MzeeWaSintaksia
Vekta nayo ina mtego, na dalili zako zinanitia shaka huko:

```
auto& m = mita[0];
mita.push_back(mpya);
m.usomaji = 40;
```

Vekta ikijaa, hutafuta nafasi kubwa zaidi, huhamisha kila kitu, kisha huachia ya zamani. Hapo m, ambayo ni rejea tu ya mita[0], imebaki na anwani ya nyumba iliyobomolewa. Kompaila inanyamaza, na unique_ptr haikuokoi. Rust ingekataa kukompaili mistari hiyo, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipenda.
Lakini usichague kabla ya kupima. Kompaili kwa `-g -fsanitize=address,undefined`, inayokamata makosa ya kumbukumbu na ya hesabu programu ikiendeshwa, uendeshe kwenye laptop kwa data uliyoirekodi. Programu itapungua kasi kama mara mbili. Valgrind, chombo kingine cha kukagua kumbukumbu, haitaki ukompaili upya, ila ni nzito zaidi sana.

Kisimani_dev
Shikamoo mzee. Nimeendesha kwa data ya wiki moja. Dakika ya nne: heap-use-after-free, yaani kumbukumbu imetumika baada ya kuachiliwa; ni rejea iliyoshikwa kabla ya push_back, kama ulivyosema. Halafu la pili: jumla ya lita iko kwenye int ya biti 32, inapita 2,147,483,647. Nadhani ile namba hasi imetoka hapo.

FundiPointa
Hilo la pili tumia int64_t leo hii. Rust pia isingekukinga kikamilifu: kwenye debug (toleo la majaribio) programu husimama, lakini kwenye release (toleo la matumizi), kwa mipangilio ya kawaida, namba huzunguka kimya kimya mpaka uwashe overflow-checks.

BintiMvita
Na usidhani reserve(), inayotenga nafasi za vekta mapema, ni tiba ya lile la kwanza. Siku mita zikizidi idadi uliyotenga, kosa linarudi. Shika namba ya nafasi badala ya rejea.

Kisimani_dev
Nimebadilisha yote mawili. Data ya wiki imepita bila onyo. new zilizobaki nazigeuza faili moja moja kuwa vekta au unique_ptr. Rust nitaanza na sehemu ya kuchambua pakiti tu, kwa kuwa ndiyo inayopokea baiti kutoka nje. Kuna aliyeunganisha Rust na C++ kupitia extern "C" (kuitana kwa mtindo wa lugha ya C) kwenye prosesa ya ARM?