Mrejesho: ile nyota ya Uyole, Mbeya, inayobadilika rangi

Wakuu, nimerudi. Ni yule niliyeuliza kuhusu nyota ya upande wa Mbalizi inayopiga nyekundu, kijani, bluu. Ni Sirius, nyota pacha (mbili zinazozungukana), miaka nuru 8.6 tu kutoka hapa, yaani mwanga wake husafiri miaka 8.6 kutufikia. Mliosema droni, poleni.

Aliyedai kwamba mwenzake mdogo, Sirius B, ndiye anayetia wekundu alinikamata kabisa, hasa aliponiambia Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa kale, aliiandika Sirius kuwa nyekundu. Lakini huyo mdogo ni kibete cheupe, yaani kiini kidogo cheupe kilichobaki baada ya nyota kuisha, tangu zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Wekundu wa enzi za Ptolemy anaupatia wapi?

Basi juzi nikapima hoja nyingine, kwamba rangi zinaletwa na hewa yetu. Saa moja usiku, ikiwa juu, nyeupe tupu. Saa nne, imeinama karibu na mlima, disko ikaanza: chini kule mwanga unapita kwenye hewa nyingi inayotikisika, rangi zinaachana. Kilichonimaliza ni Suheli (Canopus), nyota nyingine angavu. Nayo ikiwa chini ilicheza vilevile, wala haihusiani na Sirius.

Baridi ya Mei lakini! Shemeji alikimbilia jikoni kwenye mkaa, akaniachia blanketi limelowa umande.