Majirani Blok C: viti vya Jumamosi

*Ijumaa*

06:04 Mama Brayo: Habari za asubuhi majirani. Nakumbusha, kesho saa nne mazoezi ya wazee wetu, pale chini karibu na tangi. Kila mzee aje na chupa 2 za nusu lita zikiwa na maji, leso ya kujifunga, na soksi kuukuu ikunjwe kama mpira. Na KITI. Kisiwe cha magurudumu

06:05 Mama Brayo: Msiwaache washuke ngazi peke yao

06:41 Mama Brayo: Naona tiki za buluu 23. Mtu hata aseme amina

07:15 Baba Kevo: Amina

07:15 Baba Kevo: Chupa ikiwa na kitu kingine si maji, mimi nitainua mara mia

07:16 Njuguna C7: 😂😂😂

07:18 Mama Brayo: Baba Kevo una miaka 46, hukualikwa

07:21 Mama Shiru: Maji yenyewe yako wapi? Tangu Jumanne mfereji unapiga miluzi tu

07:24 Baba Kevo: Jana nimepanda na mitungi 2 ya lita 20 hadi orofa ya nne. Kilo 40. Mazoezi yangu nimemaliza mpaka Krismasi

07:30 Mama Brayo: Aliyekosa maji alete pakiti 2 za nusu kilo, mchele au ndengu, ni uzito uleule. Isizidi hapo. Bega la mtu wa miaka 70 si la Baba Kevo

07:33 Kamau: Lakini wazee si wapumzike tu, wamefanya kazi ya kutosha

07:39 Mama Brayo: Kupumzika ndiko kunawamaliza. Shirika la Afya Duniani lilisema 2020: miaka 65 kwenda juu, angalau dakika 150 za kujisogeza kwa wiki, na siku 3 ziwe za nguvu na za kusimama imara

07:48 Mama Brayo: La kwanza ni kuketi na kusimama. Kiti kiegemee ukuta. Visigino chini, kifua mbele kidogo, ndipo unainuka. Unarudi polepole, usijitupe. Kushika kiti si aibu. Mara 5, pumzika. Leso unaketi, unaipitisha chini ya wayo, unavuta ncha zote mbili. Soksi ni ya kubana kwa kiganja. Na MHESABU KWA SAUTI, ukihesabu huwezi kuzuia pumzi. Wenye presha wanisikie. Kizunguzungu kikija, unaketi

07:49 Baba Kevo: Nani atahesabu, maana Njuguna hesabu zake tunazijua 😂

07:50 Mama Brayo: Baba Kevo

08:02 Mama Shiru: Ameanza Baba Kevo, si mimi. Tulichanga 800 kila nyumba tukanunua viti 30. Viko wapi? Leo wazee wabebe viti vya sebuleni kama wanahama?

08:06 Njuguna C7: Baada ya ruracio, ile sherehe ya mahari, nilirudisha 22, soja akahesabu

08:07 Mama Shiru: 22 si 30

08:09 Njuguna C7: Vile 8 vilivunjikia matanga ya nani? Nitaje?

08:10 Mama Shiru: _Ujumbe huu umefutwa_

08:11 Kamau: Niliusoma 😳

08:15 Mama Brayo: Jamani. Tunaongea wazee

13:52 Shosho Njoki: Wanangu simu ilikuwa ikichajiwa kwa Mwende ndio nasoma sasa. Mwezi wa 8 nilipoanguka bafuni mlidhani niliteleza. Sikuteleza. Nilikuwa nimekalia kigoda nikashindwa kuinuka, nikashika beseni likanigeukia. Nilikaa chini tangu saa tisa mpaka Mwende alipokuja saa kumi na moja na nusu. Nilisikia nyayo zenu kwenye ngazi. Hata hii ya viti nilisikia, mlikuwa mkiisema siku hiyo. Sikuita kwa sababu niliona haya. Kesho nitakuja na kigoda changu

14:40 Mwende C3: Shosho hukuniambia hivyo 😢

15:06 Njuguna C7: Shosho nisamehe. Kesho nitaleta viti 6 kutoka kwangu

15:10 Mama Shiru: Na vile 2 vilivyobaki?

15:11 Mama Brayo: Mama Shiru tafadhali

15:14 Mama Brayo: Shosho, kigoda uache nyumbani, kiko chini sana, hata mimi hunitesa kuinuka. Utakalia changu cha mezani. Njuguna asante. Nani anaongea na soja atuondolee magari?

16:20 Mama Brayo: Nani anaongea na soja?

17:55 Kamau: Soja anasema kesho saa nne lori la maji linakuja, na litasimama palepale kwa tangi

17:57 Mama Shiru: Lori!! 🙏🙏 Saa nne kamili? Niweke mitungi foleni leo usiku?

17:58 Mama Brayo: Basi tuseme saa tatu. Au jioni saa kumi. Wenye wazee semeni

19:30 Mama Brayo: ???

21:12 Baba Kevo: Shosho Njoki, mimi nitakuja nikushushe ngazi. Saa ngapi lakini?

22:47 Omondi C11: Poleni nilikuwa kazini. Mamangu ana goti, aje na soksi ya aina gani?