Molekuli moja kwa kazi mbili: je, fedha za umma zielekezwe huko?

Ndugu aliyeanzisha mjadala huu anashikilia kwamba maabara za umma ziweke nguvu katika kuunda kampaundi moja, yaani dawa ya molekuli moja, inayozuia virusi na wakati huohuo kutuliza uvimbe (mwitikio wa kinga ya mwili unaoweza kuumiza viungo), kwa kuwa mgonjwa wa UVIKO-19 huumizwa na vyote viwili. Kuhusu ugonjwa tunakubaliana. Ninapinga tiba anayoipendekeza, na sababu yangu kubwa ni wakati.

Siku za mwanzo virusi huzaliana kwa kasi, na kinga ya mwili ndiyo inayopambana navyo; uvimbe unaoharibu mapafu huja baadaye, mara nyingi virusi vikiwa vimeanza kupungua. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililopima dawa kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa hospitalini, lilidhihirisha jambo hili mwaka 2020. Kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, asilimia 29.3 ya waliopewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, walifariki ndani ya siku 28, ilhali kwa wasiopewa walifariki asilimia 41.4. Kwa wale ambao hawakuhitaji hata oksijeni, dawa hiyohiyo haikuleta nafuu, na takwimu zilielekea upande wa madhara. Sasa, ukiziunganisha kazi hizo mbili ndani ya molekuli moja, daktari hawezi tena kuanza na moja na kuichelewesha nyingine, na kipimo cha dawa kinachotosha kuzuia virusi huenda kikaidhoofisha kinga kupita kiasi.

Wanaomuunga mkono hutaja baricitinib, dawa ya baridi yabisi, ambayo mapema mwaka 2020 ilibashiriwa kwa msaada wa akili bandia kwamba ingezuia kimeng'enya cha AAK1, kinachosaidia virusi kuingia ndani ya seli, pamoja na vimeng'enya vya JAK vinavyochochea uvimbe. Mfano huo una uzito, kwani Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wenye hali mbaya au mahututi Januari 2022. Lakini waliopendekezewa ni wenye hali mbaya au mahututi, yaani wale ambao uvimbe ndio unaowaua. Hidroksiklorokwini, dawa ya malaria, nayo ilisifiwa kwa sifa hizohizo mbili, na katika RECOVERY haikupunguza vifo.

Nakiri kwamba mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali, virusi vikiwa bado vingi na mapafu yameshavimba, angeweza kufaidika na kampaundi ya namna hiyo. Basi anayeitetea atuonyeshe jaribio lililoipambanisha na dawa mbili tofauti, kila moja ikitolewa kwa wakati wake. Kabla ya hapo, fedha ziende kwenye dawa za virusi zinazomfikia mgonjwa mapema.