Naomba ushauri: kompyuta ya zamani ya sataranji kwa baba yangu, ya mezani au ya safari?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Ninaishi Hamburg, na mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, ninakwenda Tanga kumsalimia baba yangu, mwalimu mstaafu wa miaka 74, ambaye amecheza sataranji tangu ujana wake na ambaye mwaka jana alifiwa na rafiki aliyekuwa akicheza naye barazani kila jioni. Nilimpa simu yenye programu ya mchezo huo akairudisha baada ya siku mbili, kwa sababu kioo kinamuumiza macho na kwa sababu, kwa maneno yake, mchezo usio na kete za kushika mkononi haumtulizi.

Ndipo nilipozikumbuka zile mashine za miaka ya 1970 na 1980 zilizotengenezwa kwa kazi moja tu ya kucheza sataranji. Katika soko la mitumba la Jumapili nimeziona tatu, na bei zao hazipishani sana. Ya kwanza ni Chess Challenger 7 ya kampuni ya Fidelity ya Marekani, iliyotoka mwaka 1979. Ya pili ni Chess-Master ya Erfurt, iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki mwaka 1984. Ya tatu ni mashine ndogo ya safari iliyotengenezwa Hong Kong, inayotumia betri, yenye kete zenye vijiti vya kuchomeka kwenye matundu.

Naomba kujua ipi itamfaa mzee, na nizijaribu vipi kabla ya kutoa fedha.

Farasi wa G1

Ndugu mleta uzi, pole kwa msiba wa rafiki wa mzee. Ningekushauri uanze kwa kujiuliza mashine inaipokeaje hatua ya mchezaji, kwa sababu hapo ndipo hizo tatu zinapotofautiana kabisa.

Chess Challenger 7 haizioni kete. Ubao wake ni ubao tu, na pembeni kuna vitufe ambavyo kila kimoja kimebeba herufi na namba: A na 1 kwenye kimoja, B na 2 kwenye kinachofuata, hadi H na 8. Mzee akitaka kumsogeza askari wa mfalme, atabonyeza E, 2, E, 4, yaani kutoka mraba wa E2 kwenda E4, kisha kitufe cha EN cha kuthibitisha, na jibu litatokea kwa taa nyekundu katika nafasi nne za herufi na namba, naye ataisogeza kete ya mashine kwa mkono wake. Akikosea mraba mmoja, ubao wa mezani na ubao ulio katika kumbukumbu ya mashine vinaachana, na baada ya hatua chache mashine itakataa hatua ambayo yeye anaiona ni halali. Mwalimu aliyezoea kuandika michezo yake hatasumbuka, lakini asiyezoea atachoka mapema.

Chess-Master inatumia kete zenye sumaku na kihisio, yaani kifaa kinachoihisi sumaku, chini ya kila mraba, hivyo hatua inatambulika kete inapoinuliwa na kuwekwa, bila kubonyeza chochote. Kwa mikono ya mtu mzima hakuna njia iliyo laini kuliko hiyo, ila kete moja ikipotea huwezi kuweka nyingine ya kawaida mahali pake, na kwa hiyo zihesabu zote 32.

Hiyo ndogo hupokea hatua kwa mgandamizo: unakikandamiza kijiti pale kete inapotoka na pale inapokwenda. Matundu yake yamebanana, na kwa macho uliyoyaeleza nina shaka nayo.

Fundi Mstaafu

Nimetengeneza redio kwa miaka 30, na mashine za namna hii zimepita mezani kwangu, kwa hiyo nitasema habari ya umeme, ambayo ndiyo itakayoamua.

Chess Challenger 7 inategemea umeme wa ukutani peke yake. Umeme ukikatika katikati ya mchezo, mchezo wote unapotea, kwa kuwa kumbukumbu yake haina betri ya kuilinda. Huko nyumbani, hilo litamvunja moyo mzee kabla ya mwezi kwisha. Tena uangalie adapta: iliyouzwa Marekani ni ya volti 110, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Usiamini adapta yoyote kwa sababu tu plagi yake imeingia. Soma kibandiko chini ya mashine, uone kama inataka umeme wenye alama ya wimbi au wenye mstari ulionyooka, na kama ncha ya katikati ni chanya au hasi.

Kuhusu ya betri, fungua kifuniko mwenyewe mbele ya muuzaji. Unga mweupe kwenye vyuma vya betri za alikalini huondoka kwa pamba iliyoloweshwa siki kidogo, kisha spiriti, na ukaacha pakauke kabisa. Ukikuta kutu ya kijani imepanda nyaya hadi kwenye bodi ya umeme iliyo ndani, iache.

Bi. Ngome

Ninawaheshimu wote waliotangulia, lakini hakuna aliyegusa mchezo wenyewe, na mzee aliyecheza maisha yake yote atakinai mpinzani dhaifu.

Programu za mwanzo, kama hiyo ya Ron Nelson iliyomo katika Chess Challenger 7, huangalia hatua chache tu mbele. Hasara iliyo nje ya upeo huo, kwa mashine, ni kama haipo, hivyo itamsukuma askari bure ili tu kuahirisha kupoteza farasi ambaye tayari amekwisha kupotea. Mwisho wa mchezo ndio mbaya zaidi. Kumfunga mfalme kwa ngome na mfalme kunahitaji mpango wa hatua nyingi, na nimeziona mashine za kipindi hicho zikizunguka ubaoni na ngome yao bila kujua pa kwenda.

Mambo yalibadilika haraka mno. Mwaka 1980, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya kompyuta ndogo yaliyofanyika London, Fidelity walishinda kwa programu ya Dan na Kathe Spracklen, na kufikia mwaka 1984 kampuni ya Novag ya Hong Kong ilikuwa imeitoa Super Constellation, mashine yenye programu ya David Kittinger, ambayo ilikuwa tayari kutoa kete kwa ajili ya mashambulizi, jambo linaloufanya mchezo wake ufanane na wa mtu. Ukiweza kungoja, itafute hiyo.

Mleta uzi

Nawashukuru sana. Bi. Ngome, ushauri wako nimeuelewa, ila safari iko karibu, na baba hakuwahi kucheza mashindano. Kwa habari ya umeme sasa ninaielekea mashine ndogo ya betri, na naamini viwango vyake vya juu vitamtosha kwa kuanzia. Kinachonikwamisha ni macho yake na yale matundu.

Farasi wa G1

Je, mzee bado ana ubao wake wa zamani? Kama anao, tatizo la macho lina njia. Kampuni ya Hegener & Glaser ya Munich ilipotoa Mephisto ya kwanza mwaka 1980, kile kisanduku, ambacho watu walikiita briketi kwa umbo lake, hakikuwa na ubao hata kidogo. Mchezaji alikiweka kando ya ubao wake wa kawaida akaingiza hatua kwa vitufe. Mzee naye achezee kwenye ubao wake mkubwa wa mbao, na hiyo ya safari ikae kando kama karani, akiigusa mara mbili tu kwa kila hatua. Nilikuwa na shaka nayo jana. Kwa mpangilio huu ninaiondoa.

Mleta uzi

Ubao anao, ule wa mninga aliochongewa akiwa kazini.

Leo nimerudi sokoni na betri mpya, nikaikandamiza miraba yote 64, mmoja baada ya mwingine. Sehemu za betri ni safi, lakini safu ya H yote, kuanzia H1 hadi H8, haiitikii. Muuzaji amekubali kupunguza bei. Je, niinunue?

Fundi Mstaafu

Inunue. Ungeniambia miraba mitatu iliyotawanyika imekufa, ningekukataza, kwa sababu hapo vihisio vyenyewe vimechakaa. Lakini mashine hizi huusoma ubao kwa mistari, waya mmoja kwa kila safu, na safu nzima ikikaa kimya huwa ni waya wake mmoja uliolegea au lehemu iliyopasuka pale utepe wa nyaya unapoingia kwenye bodi. Toa betri, fungua skrubu za chini taratibu, upige picha kabla hujagusa kitu, kisha uufuate waya wa pembeni kabisa.

Mleta uzi

Nimeichukua. Bisibisi ninayo, pasi ya kulehemu nitaazima kwa jirani kesho jioni, na picha nitaziweka hapa kabla sijagusa waya wowote.