Ushauri wa haraka: jiwe la mrija wa mkojo, kamera nene ya hapa Mbeya au nyembamba ya Dar?

Mkulima Kiazi:
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja. Miaka 38, naishi Uyole, shamba la viazi liko Isongole. Nina jiwe la milimita 9 upande wa kushoto, limekaa chini kabisa, mrija wa kutoka figo unapoingia kwenye kibofu. Daktari kasema livunjwe kwa kamera inayopita njia ya mkojo, hakuna kisu. Sasa nasikia kamera zinapishana unene. Ya hapa ni Fr 9.8, na kuna jamaa kaniambia Dar zipo za Fr 6. Je, unene una shida gani? Nijichange niende Dar au nifanye hapa hapa? Matusi pembeni. Nawasilisha.

Mzee wa Kabwe:
Bia tano za baridi, halafu ruka kamba. Usinishukuru.

Mama Rungwe:
Nyie wanaume maji hamnywi. Kutwa shambani juani, chupa ya maji hamna, jioni mnakimbilia kilabuni. Mume wangu nilimwambia hivyo hivyo miaka yote, hakusikia. Pole lakini, mwanangu.

Mnyalu wa Kihesa:
Kamwene. Langu lilitoka lenyewe stendi ya Makambako. Basi limesimama dakika kumi, nimeingia chooni, nasikia "tii!" kwenye bati la mkojo. Nililiokota, nikalifunga kwenye tiketi. Dereva anapiga honi, mimi nalia kwa raha. Lilikuwa la milimita 4.

Nesi Mstaafu:
La 4 mara nyingi hutoka lenyewe. La 9 hilo usilingojee stendi.

Mkulima, swali dogo. Hiyo 9.8 umeipata wapi? Mgonjwa anayesubiri kamera haambiwi namba ya kamera.

Mkulima Kiazi:
Niliisoma kwenye karatasi.

Nesi Mstaafu:
Karatasi gani?

Fundi Bomba Soweto:
Wakati tunasubiri karatasi, niseme kama fundi. Bomba la nusu inchi hulizibui kwa fimbo ya robo tatu. Utapasua bomba, halafu mwenye nyumba akudai na vigae.

Mkulima Kiazi:
Nesi, sikutaka kurefusha uzi. Niliingia thieta mwezi wa 2. Wakanichoma ganzi ya mgongo, kamera ikagoma mlangoni pa mrija, wakaona wasilazimishe. Wakaniwekea mpira ndani ya mrija, ule wenye mkunjo juu na mkunjo chini, wakasema nirudi baada ya wiki mbili.

Nesi Mstaafu:
Mwezi wa 2. Leo mwezi wa 10. Ulirudi?

Mkulima Kiazi:
Jamani msinihukumu. Hela ya kurudia niliiweka kwenye mbegu na mbolea, nikijua vikitoka narudi. Vimetoka, bei imelala. Wanunuzi wanataka lumbesa, gunia linafungwa kilemba juu kama bibi harusi, unalipwa gunia moja. Ikabidi nipande tena. Na kusema kweli maumivu yale ya mwanzo, ya kugaragara chini, yaliisha. Nikaona mpira unafanya kazi. Na si ndiyo maana nauliza kamera nyembamba? Nisije nikarudi hapa ikagoma mara ya pili.

Mzee wa Kabwe:
Kumbe jiwe nalo ni lumbesa, mlango ni wa gunia la kawaida.

Mpima Chai:
Wazee mnapigwa chai na hamna hata andazi. Mwanzo jiwe, sasa mpira, kesho ataleta namba ya simu ya mzee anayeyeyusha mawe kwa mizizi. Mtu atembee na mpira ndani miezi minane na bado anabeba viazi? Na anajua Fr kuliko daktari. Huyu ni dalali.

Mama Rungwe:
Hata mimi nilishtuka. Nimeshampa pole bure.

Fundi Bomba Soweto:
Dalali wa kamera au wa viazi?

Mnyalu wa Kihesa:
Subirini. Baada ya lile la Makambako likaja jingine, hilo ndilo lilinipeleka thieta, na mpira huo nilikaa nao wiki tatu. Kuna kitu aliyeusikia tu hawezi kukijua. Mkulima, ukikojoa unasikia nini, na wapi?

Mkulima Kiazi:
Mbavuni, mkuu. Si huko chini. Nikianza tu kukojoa, kitu kinapanda mgongoni kushoto, kama mtu ananisukuma ubavu kwa ndani na ngumi. Nimezoea kukojoa nimeshika ukuta, natoa kidogo, nabana, natoa tena. Siku nikibeba mzigo, mkojo unakuwa kama maji uliyooshea nyama. Mke wangu anajua nikichelewa chooni asinigongee.

Mnyalu wa Kihesa:
Huyu anao.

Mpima Chai:
Sawa, narudisha nusu. Picha ya karatasi bado naidai.

Nesi Mstaafu:
Haya, nijibu ulilouliza kwanza. Fr 3 ni milimita 1. Kwa hiyo 9.8 ni zaidi kidogo ya milimita 3, na 6 ni milimita 2. Mrija wenyewe ni kama milimita 3 au 4, na sehemu yake finyu kuliko zote ni hapo unapoingia kibofuni, hapo hapo lilipo jiwe lako. Nyembamba inapenya bila kuutanua mrija kwa nguvu, haiukwaruzi sana, na mara nyingine mgonjwa anatoka bila mpira. Ila nayo ina ubaya wake: njia ya maji ndani yake ni ndogo, maji yanapita kwa kubembelezwa, damu kidogo tu na vumbi la jiwe daktari haoni kitu. Nene inasafisha vizuri na anaona vizuri, kama imeingia.

Sasa hapa ndipo mlipoachana na daktari wako. Mpira haukuwa tiba. Ukikaa humo wiki mbili, mrija unalegea wenyewe na kutanuka. Ungerudi mwezi ule wa 3, huenda hiyo hiyo 9.8 ingepita. Kugoma mara ya kwanza si aibu ya daktari, aibu ni kulazimisha. Mrija ukichanika, jiwe linakuwa shida ndogo.

Kwa sasa kamera sio swali lako. Mipira mingi haipaswi kupita miezi mitatu bila kutolewa au kubadilishwa. Chumvi za mkojo zinaganda juu yake kama ukoko kwenye sufuria. Anza na eksirei waone ukoko uko wapi. Yeyote akikwambia anauvuta tu dakika moja, bila picha, vaa suruali uondoke.

Na homa je?

Mkulima Kiazi:
Asante dada, nimeelewa. Ila mpango nimeshaupanga. Ijumaa lori la viazi linashuka Dar, nimeomba nafasi mbele kwa dereva. Nauza mzigo, hela hiyo hiyo naingia nayo hospitali. Homa hapana. Usiku natetemeka kidogo, ni baridi la huku kwetu tu.

Mnyalu wa Kihesa:
Baridi gani mwezi wa 10? Hata Makete wamevua makoti!

Nesi Mstaafu:
Mkulima, acha lori. Kutetemeka na mpira wa miezi minane ni mkojo mchafu uliokwama huko juu kwenye figo. Ukipanda damuni haungoji Ijumaa. Nenda hospitali usiku huu. Hawatavunja jiwe leo, watafungua njia mkojo utoke na kukupa dawa ya kuchoma mshipani. Jiwe baadaye.

Mkulima Kiazi:
Magunia 60 yameshapakiwa. Nikibaki nani atauza? Dereva namjua kwa sura tu.

Mama Rungwe:
Viazi vitaota vingine.

Fundi Bomba Soweto:
Nina shemeji Mabibo sokoni, anauza viazi miaka yote. Nitumie namba ya dereva inbox, nitamwambia apokee mzigo.

Mpima Chai:
Nilisema mimi! Nilidhani tapeli ni mleta mada, kumbe ni fundi. Magunia 60 hayo yanaenda.

Fundi Bomba Soweto:
Njoo Soweto unikague na hati ya nyumba yangu.

Mkulima Kiazi:
Nipo mapokezi. Mke kanilazimisha, kasoma uzi wote kwenye simu yangu. Kipimo kimesoma 39.2. Wameuliza mpira niliwekewa lini, nikaona aibu, nimesema mwezi wa 8.

Nesi Mstaafu:
Simama, rudi dirishani, sema mwezi wa 2. Na hiyo karatasi ya thieta iko wapi?

Mkulima Kiazi:
Nyumbani, ndani ya daftari la mbolea. Mke ameshapanda bajaji kuifuata.