Nimekanwa Venice na mtu ambaye shavu lake limejaa chapati yangu

Ndimu Kavu (mleta mada)

Wakuu, nipo kwenye treni narudi Trieste, vidole vinatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Jina silitaji. Mnamjua. Yule yule wa "sisi tuliozoea Ulaya". Yule anayetupia picha ya gondola, ile mitumbwi ya watalii, kila Jumapili asubuhi wakati nyie mnatafuta soksi za watoto waende kanisani. Hasemi Venice kama watu wengine, anasema "Venetsia", na mate yanamfikia aliye mbele. Huyo huyo.

Leo mchana, mbele ya Basilika ya Mtakatifu Marko, mbele ya njiwa, watalii na Mungu, askari amemuuliza kama ananifahamu. Akasema "Non lo conosco." Maana yake SIMJUI HUYU. Na shavu la kushoto limejaa chapati. Chapati yangu!

Ngoja nipumue.

Nimekuja huku Italia kozi ya wiki tatu. Mimi sikumtafuta, alinipigia mwenyewe: "Kaka, uko saa mbili tu kwa treni halafu hujaja kunisalimia? Njoo Jumamosi nikutembeze mji. Usihangaike na hela, mimi ndiye mwenyeji. Wewe niletee chapati tu, nimezikosa miaka sita." Miaka sita, wakuu. Nikaingiwa na huruma. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa jiko la hosteli nakanda unga wa pizza, nasukuma kwa chupa tupu ya divai kwa sababu kifimbo sina. Mganda mmoja akaamka kwa harufu, akaniuliza nani amefariki. Nikatoa kumi na mbili. Nikafunga chai ya tangawizi kwenye chupa.

Dharau ya kwanza ilikuja jana usiku. Ananiambia mji una kiingilio. Mji! Kama disko la Krismasi! Kuna siku zimepangwa, mgeni wa kutwa analipa: ukiwahi euro 5, ukichelewa 10. Yeye alijua tangu lini? Tangu wiki iliyopita. Nikalipa 10.

Nimefika stesheni ya Santa Lucia, nikamsubiri dakika hamsini. Kumbe anatoka Mestre! Wakuu, Mestre ni bara, ng'ambo ya daraja la reli, kuna maghorofa na vituo vya basi kama kwingine kote. Ni sawa na mtu anakaa Kongowe anaandika "nipo Posta". Zile gondola za Jumapili anazifuata kwa basi.

Tiketi ya boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75. Akasema tuachane nayo, "Venetsia inaliwa kwa miguu". Ikaliwa miguu yangu. Mji una madaraja zaidi ya mia nne na karibu kila moja lina ngazi, na chupa ya chai nimebeba mimi. Vichochoro vingine ukikutana na mtu mnene, mmoja wenu inabidi arudi alikotoka. Mwenyeji wangu alipotea. Hakukubali kwamba amepotea, lakini duka moja la vinyago vya uso tumelipita mara nne, mpaka mwenye duka akaanza kutupungia mkono. Tukafika daraja la Rialto, ananiambia kwa sauti ya profesa kwamba limejengwa na Napoleon.

Tukatokea kwenye uwanja wa mbele ya Basilika. Nisiseme uongo, pale nilisimama mdomo wazi, ule mji si wa kawaida. Nikataka kukaa kwenye meza za mkahawa wenye wapiga fidla. Akanivuta shati: "Ukikaa tu hapo, hata fidla wanakuandikia kwenye bili." Sawa. Akanipeleka kwenye ngazi za baraza, akapangusa kwa kiganja, akasema, namnukuu: "Kaa hapa. Sisi wenyeji ndipo tunapokaa."

Nikafungua taulo. Nikammiminia chai kwenye kifuniko. Akala ya kwanza, ya pili, ya tatu akaikunja kama barua na kuipeleka yote. Hapo wakatokea askari wawili. Kumbe kukaa chini na kula pale ni kosa, faini inaanzia euro 100!

Huyu ndugu yenu alinyanyuka kama aliyesikia basi lake linaitwa. Akapiga hatua mbili, akatoa simu, akaanza kupiga picha mnara wa kengele. Askari akamuuliza, mko pamoja? Akageuka. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. SHAVU LIMEJAA. Mafuta yanang'aa kidevuni. "Non lo conosco." Na kipande kidogo kikadondoka aliposema "conosco", njiwa akakidaka. Nikaogopa na njiwa naye ataniongezea kesi, maana kuwalisha pale ni marufuku.

Petro alikana mara tatu, lakini hakuna mahali imeandikwa alikuwa anatafuna.

Nimetoa pasipoti kwa mkono wenye mafuta. Ukurasa wa picha sasa una alama ya dole gumba ambayo haitoki. Nimeandikiwa 100. Askari walipoondoka karudi, kapunguza sauti: "Kaka usichukulie vibaya, mimi nina makaratasi ya kulinda huku." Kisha akaangalia taulo: "Zimebaki ngapi?"

Zimebaki ngapi!!! Na akaondoka nazo. Tisa.

---

Kiberiti Kibichi

Hii ni chai.

---

Koti la Mtumba

> Hii ni chai.

Ni chai ndiyo, ya tangawizi, kasema mwenyewe. Tena hii ya leo ina vitafunwa kabisa. Naweka mkeka hapa.

---

Shangazi Mkali

Mleta mada nikuulize kwa upendo. Mtu mzima na elimu yako, umefika mji ambao watu wanauza ng'ombe waende kuuona, unatandaza taulo kwenye ngazi na chapati kama uko kituo cha mabasi Mbezi unasubiri la Singida. Ulitegemea askari wafanye nini, waombe mchuzi?

Na nusu ya aibu ni ya kwako. Mtu aliyekuambia "usihangaike na hela" ulimwamini kwa lipi?

---

Ndimu Kavu

Shangazi, aliyenikalisha pale ni yeye! Alipangusa na ngazi! Halafu simjui! Mtu anayekupangusia pa kukaa anakujua!

---

Chaki na Vumbi

Kwanza tuweke sawa: Rialto ya mawe ilimalizika 1591. Jeshi la Napoleon liliingia mjini 1797, na alichofanya yeye ni kuwaporea wale farasi wa shaba wa pale juu ya Basilika akawapeleka Paris. Walirudishwa 1815. Hata hivyo Wavenice wenyewe waliwapora Constantinople mwaka 1204, kwa hiyo mwizi aliibiwa. Na wale unaowaona nje leo ni nakala, wenyewe wamehifadhiwa ndani. Ule mnara aliokuwa anaupiga picha huku anakukana nao ulianguka wote 1902, ukajengwa upya ukafunguliwa 1912.

Lakini kilichonichekesha zaidi ni hapo ulipokamatiwa. Hilo kanisa lina mwili wa Mtakatifu Marko, na masimulizi yao wenyewe yanasema wafanyabiashara wa Venice waliuiba Alexandria mwaka 828 wakaufunika kwa nyama ya nguruwe ili wakaguzi Waislamu wasisogee. Wamemvusha mwinjilisti mzima bahari nzima. Wewe umeshindwa kuficha chapati tisa kwenye taulo.

---

Koti la Mtumba

Mwalimu umeua 😂😂 "Chapati tisa kwenye taulo" iwe jina la uzi.

---

Pweza Mkavu

Huyu jamaa kama ni yule ninayemfikiria, mwenye kofia ya kapelo kiangazi na masika, basi kuna mchango wa msiba mwaka 2019 bado anaupigia mahesabu.

---

Bi Tangawizi

> mwenye kofia ya kapelo

Ndiye. Kwangu alikuja Bologna "kupitia tu", akakaa siku tisa. Alipoondoka nikakuta amekunja shuka vizuri, nikasema afadhali, ana malezi. Kuja kufungua friji, alichoacha ni limau na mwanga.

---

Baridi ya Padova

Mimi nisimame upande wa wenyeji maana huwa hatuna mtetezi. Nyie wageni mnajijua? Mtu anakwambia anakuja Ijumaa na Jumapili, anashuka na masanduku mawili. Moja lake, jingine tupu, la "zawadi za nyumbani". Anapasha nyumba joto mpaka madirisha yanatoa jasho, bili inakuja Februari yeye keshasahau jina la mtaa wangu. Mmoja alisonga ugali saa sita usiku, king'ora cha moshi kikalia, jengo zima tukashuka nje na blanketi. Wazee wa ghorofa ya tatu mpaka leo wakiniona wananusa.

Ningeulizwa na askari usiku ule, na mimi nisingemjua.

Na mumwache na Mestre yake. Mestre na Venice ni manispaa moja. Huko mji wa kale wamebaki wakazi chini ya 50,000, nyumba nyingi zimegeuka za kulaza watalii, kodi haikamatiki. Wengi wanaofanya kazi huko ndani wanalala bara. Kisheria mtu wa Mestre ni mtu wa Venice.

---

Ndimu Kavu

Kisheria sawa. Na kisheria ananijua! Nimelala kwao Tabora mwaka mzima wa kidato cha tano! Mama yake ananiita mwanangu! Alivyogeuka akaniangalia viatu… shavu hili, la kushoto…

---

Shangazi Mkali

Tumeshaliona hilo shavu baba. Endelea mbele.

---

Pweza Mkavu

Msinikumbushe Pisa. Nimempa shemeji simu anipige picha nikiushikilia ule mnara ulioinama kama wengine. Nimenyoosha mikono dakika kumi, watu wananipita. Kuja kufungua picha: mnara upo vizuri sana, umenyooka hata kuliko ulivyo. Mimi sipo. Kumuuliza anasema nilikuwa namzibia.

---

Bi Tangawizi

Pisa afadhali, mnara upo nje bure. Mimi mume wangu alilipa gondola, euro 90 nusu saa, tukakaa kwenye foleni ya gondola nyingine ndani ya mfereji dakika kumi na tano. Nasafiri kutoka kwetu mpaka Ulaya nakutana na foleni ya Mwenge, ila ya majini.

---

Baridi ya Padova

Dada mlipigwa kihalali, hiyo ndiyo bei rasmi ya mchana, usiku ni 110. Mngevuka na traghetto. Ni gondola hiyo hiyo, imekosa urembo tu, inakuvusha Mfereji Mkuu kwa euro 2. Mnasimama kama mpo kwenye kivuko.

---

Bi Tangawizi

Haya unayasema leo. Padova na Bologna ni mbali? Namba yangu si unayo?

---

Baridi ya Padova

Ninayo. Ile uliyozima nilipodai hela ya vitenge.

---

Koti la Mtumba

Ohoo.

---

Chaki na Vumbi

Niongeze kidogo kwa faida ya wanaopita. Watu wanadhani Venice haituhusu, lakini shanga nyingi zilizopita Zanzibar kwenda bara na misafara ya karne ya 19 zilitoka huko. Watengenezaji wa vioo walihamishiwa kisiwa cha Murano tangu 1291, tanuru zao zilitishia kuunguza mji. Kwa hiyo mleta mada, shanga zao zilishanunua pembe za ndovu kwetu. Euro 100 zako ni mwendelezo.

---

Mgeni Mpya 88

Nyuzi kama hizi zinachafua watu wanaojiheshimu na familia zao. Hakuna ushahidi wowote hapa. Mimi binafsi mleta mada simjui.

---

Kiberiti Kibichi

Meza kwanza.

---

Koti la Mtumba

😂😂😂😂 Nimeanguka kitandani

---

Shangazi Mkali

Akaunti imefunguliwa leo saa kumi jioni. Karibu jukwaani mwanangu. Tisa zilizobaki zilitosha?

---

Ndimu Kavu

NDIYE!! Andika hapa tena kama hunijui! Andika kwa Kiitaliano!

---

Pweza Mkavu

Katoka. Taa imezima.

---

Bi Tangawizi

Samahani nje ya mada. Ndimu Kavu, umesema unga wa pizza. Mimi kila nikitumia ule wa mfuko wenye sufuri mbili, zangu zinatoka kavu kama kadi ya mwaliko. Unakanda na maji ya nini?

---

Baridi ya Padova

Maji ya baridi, tena uache muda.

---

Shangazi Mkali

Baridi kweli wewe ni baridi. Nani kakwambia chapati inakandwa na maji ya baridi?

---

Ndimu Kavu

Ya uvuguvugu, Bi Tangawizi, na chumvi iingie kwenye maji, siyo kwenye unga. Mafuta vijiko vitatu. Ukishakanda funika na taulo nusu saa, usiwe na haraka. Kisha unasukuma, unapaka mafuta, unakunja kama kamba, unazungusha kama konokono. Hapo ndipo inapochambuka.

---

Bi Tangawizi

Na chupa ya divai ulitoa lebo au ulisukuma nayo hivyo hivyo?